Sipora Alipofika Hemani

Somo: Kutoka 18:1–27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii naomba tukae na sura ambayo wengi tumeisikia kwenye semina za viongozi wa kanisa: Yethro anamshauri Musa agawe kazi, nasi tunaandika kwenye madaftari na kurudi nyumbani. Safari hii mimi sikufika haraka kwenye ushauri. Nilikwama kwenye mistari ya mwanzo.

Yethro hakuja peke yake. Alimleta Sipora, mke wa Musa, ambaye Musa alikuwa amemrudisha kwao, pamoja na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Tunaelezwa hata maana ya majina yao. Jina la Gershomu limebeba ugeni, kwa kuwa baba yake alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Anamsimulia yote Bwana aliyoyatenda Misri. Sadaka inatolewa, Haruni na wazee wanakuja kula. Kesho yake Musa anaketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni. Sipora na watoto hawatajwi tena katika sura hiyo.

Sisemi Musa hakuwasalimu. Maandiko hayasemi hivyo, wala sitaki kuyalisha maneno. Lakini mimi ni wakili na ni mama, na nilipofika mstari wa 13 nilijikuta nawatafuta wale watoto. Siku ile nzima, watu wamemzunguka baba yao, wao walikuwa wapi?

Niliacha ajira nikawa wakili wa kujitegemea mtoto wetu wa pili alipokuwa na miezi mitano. Nilimwomba Mungu kazi itakayonipa nafasi ya kulea, naye akanipa. Ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Ilazo. Kazi ipo. Tangu Serikali ihamie Dodoma viwanja vinauzwa na kununuliwa, kila anayenunua anataka mkataba, na wengine wanakuja mgogoro ukiwa umeshaanza. Kuna mirathi, kuna viapo, kuna ndoa za watu.

Uhuru huu ni wa kweli na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Naweza kumpeleka mtoto kliniki Jumanne saa nne asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Yapo mashauri yanayosikilizwa kwa video, na nyaraka tunaziwasilisha kwa mtandao, hatupangi tena foleni masjala. Ila mfumo huohuo unapokea nyaraka mpaka saa sita usiku. Zamani masjala ikifungwa, siku ya wakili nayo imekwisha. Sasa sisi tuliojiajiri hatuna wa kutufungia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nimewahi kuzipigania siku hizo kwa ajili ya wanawake wengine mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtoto wangu wa tatu alipozaliwa, siku ya 19 nilikuwa naandika majibu ya madai ya mteja, kichanga kikiwa kifuani, kwa sababu zile siku 21 za kujibu madai hazikunisubiri nitoke uzazini. Hakuna bosi aliyenilazimisha kulipokea shauri lile. Hofu ndiyo iliyonipokelesha. Ukijiajiri, kazi unayoikataa leo hujui kama itarudi, na likizo ya Mahakama ya kuanzia Desemba 15 hadi mwisho wa Januari inaangukia palepale ada za shule zinapodaiwa. Sura mbili kabla ya hii, watu walewale waliambiwa wasitoke kuokota mana siku ya saba. Wengine wakatoka, wasione kitu. Wapendwa, mimi nawaelewa wale waliotoka.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa. Alikaa siku nne, akishinda barazani anabangua karanga za mbegu, mvua zisije zikamkuta hajajiandaa. Siku ya tatu, tukiwa mezani, binti yangu wa miaka minane alimuuliza: "Bibi, yule mama anayekuja na kitenge cha njano, ni kweli mume wake anamwacha?"

Nilinyamaza. Mchana ule nilikuwa nimezungumza na mteja wangu kwa simu, nimeiweka sauti kubwa ili mikono iendelee kuchambua mboga. Wakili anawajibika kutunza siri ya mteja, nami niliimwaga siri ya ndoa ya mwenzangu masikioni mwa mtoto. Kesho yake nilimpigia yule mama nikamwomba radhi, akanisamehe. Binti yangu ilinichukua muda zaidi kumtuliza, kwa maana alishaanza kuwaza kama na baba yake ataondoka.

Usiku watoto walipolala, mama mkwe aliniambia kwa upole: "Mama Neema, tangu nifike sijaona mlango wa mbele ukifungwa. Ukimaliza na hawa wanaingia wengine. Nani atakwambia sasa inatosha?"

Ndipo niliporudi kwa Yethro. Naye alitazama kwanza, siku nzima, kisha akauliza. Alimwonya Musa kwamba atachoka mwenyewe na kuwachosha watu walio pamoja naye. Hilo la watu nilikuwa nalipita mbio miaka yote. Nilidhani nikijinyima nawasaidia wateja, kumbe waliosimama kutwa nzima wakimsubiri Musa nao walikuwa wanaumia. Yule mama wa kitenge cha njano alisikilizwa na mtu mwenye sikio moja, na binti yangu sikio la pili hakulipata, maana lilikuwa kwenye sufuria.

Wala Yethro hakumwambia Musa aiache kazi. Alimwambia achague watu wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia mapato ya dhuluma, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na kumi. Shauri dogo limalizwe karibu na watu, lililo gumu ndilo lipande. Kila ninapopita mlango wa Mahakama ya Mwanzo naiona sura hiyo.

Mashauri yangu ya Kondoa nimemkabidhi wakili kijana ninayemwamini, na malipo tunagawana. Haikuwa rahisi, maana fedha ile ndiyo niliyokuwa nimeitegea Januari. Mazungumzo ya wateja yanafanyika ofisini, mlango umefungwa. Saa kumi na moja jioni simu ya kazi inaingia kwenye droo. Wiki yenye shauri linalokaribia mwisho wa muda, namwambia Baba Neema tangu Jumatatu ili jioni hizo awe na watoto. Si kila siku nimeweza. Alhamisi nilimaliza kiapo saa tano usiku, watoto wamelala bila kuniona, na nimemwambia Mungu hivyohivyo katika sala. Mniombee. Nami nawaombea fundi cherehani, mama lishe na wenye maduka wa jumuiya yetu, ambao nao wateja wanawabishia hodi nyumbani saa zote.

Jumamosi ya wiki ile ya ugeni tulimsindikiza mama mkwe stendi na mfuko wake wa karanga. Jumatatu yake, saa kumi na moja na dakika chache, alibisha hodi kijana mmoja na mkataba wa kiwanja mkononi. Nilitoka, nikamsalimu, nikamwomba aje kesho saa tatu. Akasema, "Sawa, wakili," akawasha bodaboda yake. Nilipogeuka nilimkuta Neema nyuma yangu, ameshashika komeo.