Usiku mmoja chini ya mstari wa megabaiti 16

Saa mbili usiku naingia zamu, benki moja hapa Columbus, Ohio. Chupa ya chai ya tangawizi, vipande viwili vya mkate. Watu wakisikia meinfremu, ile kompyuta kubwa ya benki, hudhani ni kitu cha makumbusho. Haya. Ila hesabu zao za leo hazifungwi mpaka jobu zangu, yaani kazi za kompyuta za usiku, ziishe, na lazima ziishe kabla ya saa kumi na mbili alfajiri.

Saa tatu mpaka saa sita: zinapita, natazama tu.

Saa saba kasoro dakika kumi, jobu ya kulinganisha miamala inaanguka. Msimbo wa kosa ni S878: imeomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, imenyimwa. Nampigia programa wa zamu.

"Weka REGION=0M, ipe kumbukumbu yote," anasema huku akipiga miayo.

Namwambia ni 0M tangu zamani.

"Basi mashine imejaa."

Mashine haijajaa, haijahamisha hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwenda diski.

"Basi irudie."

Nairudia, asije akasema sikujaribu. Inaanguka palepale.

Programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL, imekompailiwa kwa DATA(24), yaani data yake ikae kwenye anwani za biti 24, kwa hiyo bafa za mafaili yake (sehemu za kumbukumbu za kupokelea data) zinakaa chini ya megabaiti 16, mpaka wa anwani hizo tulioachiwa na kompyuta za IBM System/360 za mwaka 1964. Juu ya mstari ni uwanja wa mpira. Chini ni chumba cha kupanga, na mfumo wenyewe umeshaweka kitanda na kabati humo. Jobu inabakiwa na megabaiti tisa hivi. Nasoma JCL, maagizo ya kuendesha jobu, mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, macho yanawasha. Hii hapa: BUFNO=200, yaani bafa 200 kwa faili, kwenye mafaili mawili. Kuna mtu kaipandisha mchana ili kazi iende mbio. Bafa moja hubeba bloku moja ya data, baiti 27,920. Mara 200, mara mbili, zaidi ya baiti milioni 11. Zitaingia wapi?

Naandika 30. Namba moja, idhini mbili, na wa pili kapokea simu baada ya dakika hamsini. Chai imeshapoa.

Jobu inakimbia, mama anapiga kutoka Tanga. Kwao asubuhi imeshakwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala? Hizo simu za watu haziishi kutengenezwa?"

Sikumbishia.

Saa kumi na mbili kasoro ishirini imemaliza, msimbo 0000, bila kosa. Programa kaniandikia: "Umeona? Nilikwambia irudie."