Saa ya sekunde 24 na kile kipande cha sekunde kinachopotea

Kwenye mpira wa kikapu, timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutupa kikapuni, na saa ya pembeni ndiyo inayozihesabu. Kuhesabu kutoka 24 kushuka hadi 0 ni kazi nyepesi, hata simu inaifanya. Kinachoumiza kichwa kwenye saa ya mpira wa kikapu ni kusimama. Kaa meza ya makamisaa, wale wanaotunza muda na pointi, mechi moja tu, utaelewa. Beki akiupiga mpira nje, timu iliyokuwa ikishambulia inabaki na muda wake uleule, kwa hiyo saa inasimama bila kurudi mwanzo. Mpira ukigusa ringi na mshambuliaji akaudaka tena, wanapewa 14. Wapinzani wakiuchukua, ni 24 mpya. Yote hayo kwa kidole cha mtu mmoja ambaye macho yake yanapaswa kuwa uwanjani.

Sheria yenyewe naipenda kwa sababu imetokana na hesabu ya kawaida kabisa. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, maana timu iliruhusiwa kushika mpira mpaka watu wachoke. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, akaona mechi nzuri huwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawa kwa 120, unapata 24. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakaanza kuitumia mwaka 1954.

Sasa tuingie kwenye saketi ya saa ninayoijenga mwenyewe. Mafundi wengi huanza na 555, chipu ya kupima muda, kama chanzo cha mapigo ya umeme ambayo saa inayahesabu. Mimi siipendi kwa kazi hii: rezista na kapasita zinazopanga kasi yake hubadilika kwa joto, na mechi zetu za mchana huchezwa kwenye jua kali. Natumia kristali ya saa ya mkononi, ile ya mapigo 32,768 kwa sekunde, pamoja na 74HC4060, chipu (IC) ya kugawa mapigo. IC hiyo inagawa kwa 16, natoka na mapigo 2,048 kwa sekunde.

Hapo ndipo naweka geti ya AND, inayopitisha mapigo pale tu saa inaporuhusiwa kwenda, na hili ndilo ningependa kila anayejenga saa kama hii alishike. Ukisimamisha mapigo mwishoni, yakiwa tayari yameshakuwa pigo moja kwa sekunde, kigawanyo, yaani chipu inayopunguza mapigo, kinaendelea kuzunguka ndani wakati mchezo umesimama. Mchezo ukianza tena, sekunde ya kwanza inaweza kuwa fupi mno au ndefu kupita kiasi. Ukiyakata kabla ya kigawanyo cha mwisho, ambacho kwangu ni 74HC4040 inayoshusha 2,048 kuwa pigo moja, kila kitu kinaganda. Kama ilikuwa imebaki sekunde 6 na robo, hiyo robo inabaki. Mchezaji hadhulumiwi.

Kitufe cha kurudisha kinafanya mambo mawili kwa mpigo mmoja: kinaifuta 4040 na kuzipakia namba mpya kaunta mbili za 74HC192 zinazohesabu kushuka, moja ya makumi na moja ya mamoja. Ukikishika, ubao unakaa 24. Ukikiachia, sekunde inaanza ikiwa kamili. Angalizo moja: 192 huhesabu pigo linapopanda kutoka 0 kwenda 1, na kwenye 4040 pigo hilo linapanda nusu sekunde baada ya kufutwa. Lipitishe kwanza kwenye geti ya kugeuza, inayofanya 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, la sivyo 24 itakuwa 23 mapema.

Halafu kuna kitu ambacho bado kinanifurahisha kila nikikitazama. 24 na 14 zote zinaishia na 4, kwa hiyo kaunta ya mamoja naiunga kwenye 0100, yaani 4 kwa binari, moja kwa moja, sihangaiki nayo tena. Kaunta ya makumi inabadilika kutoka 0010 (2) kwenda 0001 (1), yaani waya mbili tu, na moja ni kinyume cha mwenzake. Kitufe kimoja cha 14 na geti moja vinatosha. Weka kapasita ndogo ili waya hizo zichelewe kidogo kuachia unapotoa kidole, vinginevyo 14 inaweza kugeuka 24 mkononi mwako.

Namba kubwa nazitengeneza kwa utepe wa LED wa volti 12, sentimita 15 kwa kila mstari. Namba moja ina mistari saba, na ULN2003, chipu ya kuwasha mizigo mikubwa ya umeme, ina njia saba. Utadhani viliagizwa pamoja. Inapokea amri kutoka 4511, chipu inayogeuza namba ya kaunta kuwa mistari saba, na ile pini ya 4511 ya kuzima namba ina kazi yake: timu ikichukua mpira wakati saa ya mechi imebakiza chini ya sekunde 14, ubao wa 24 unapaswa kuwa giza.

Honi ni ya pikipiki, kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Usisahau diodi kwenye koili ya rilei, na kapasita ya 100 nF pembeni ya kila IC. Honi ikilia bila hivyo, kaunta hurukwa na akili. Waya mrefu wa vitufe nao upitie 74HC14, chipu ya kusafisha mapigo, kwanza.

Kinachofuata ni sehemu ya kumi ya sekunde kwa zile 5 za mwisho, kama ligi kubwa wanavyoonyesha. Kristali ya 32,768 haigawanyiki kwa 10, kwa hiyo itabidi niingie Kariakoo kutafuta ya megahezi 3.2768. Hiyo kwenye 4060 inatoa mapigo 200 kamili kwa sekunde, na 200 ukigawa kwa 20 ni 10.