Kiwiko changu, raketi na bisibisi

Mimi ni fundi umeme, Kirumba, Mwanza, na jioni nikipata nafasi nacheza skwoshi, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Bisibisi mchana kutwa, raketi jioni, kiwiko kitapona wapi? Maumivu yalianzia kwenye mfupa wa nje wa kiwiko cha kulia, yakazidi hadi kikombe cha chai nikawa nainua kwa mkono wa kushoto.

Dada wa fiziotherapia aliniambia ninyooshe mkono, niinue kiganja, huku yeye akikisukuma chini. Niliruka. "Pole kaka," akasema, "ni kano zinazoinua kiganja. Tutazipa nguvu."

Dawa yenyewe ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita. Unalaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, umeishika chupa. Kuipandisha, saidia kwa mkono wa pili. Kazi iko kwenye kuishusha: polepole, ukihesabu hadi nne, mara 15, pumzika, kisha rudia mpaka mizunguko 3. Ikiuma kidogo endelea. Maumivu yakilala nawe hadi kesho, mwaga maji kiasi. Kano hupona taratibu kuliko misuli, kwa hiyo ni suala la miezi. Barafu ya wauza samaki wa Mwaloni hutuliza usiku tu.

Mpini wa raketi niliuongezea gripu, ule utepe wa kushikia, ili nisiukabe sana, nyuzi nikazilegeza kidogo. Bekihendi, pigo la mgongo wa mkono, sasa naipiga kwa kugeuza bega zima, si kwa kukunja kiganja.

Miguu haina mengi: pasha misuli moto, futa jasho sakafuni, na raba za kukimbilia ziache nyumbani. Soli zake nene, ukigeuka ghafla kifundo kinapinduka.

Jicho ndilo linalonitisha. Mpira wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40 hivi, unaingia kabisa kwenye tundu la jicho. Wa raketiboli, ule mchezo wa Marekani, ni mkubwa zaidi, milimita 57, lakini huenda kasi, na raketi yake hufungwa kwenye kifundo cha mkono kwa kamba isije ikaponyoka. Mimi huvaa miwani ya polikaboneti, plastiki ngumu. Ya kioo ikipasuka ni balaa jingine. Kuna mzee pale klabuni, kila nikimwamkia ananiuliza, "Marahaba, leo unachomelea geti la nani?" Namjibu la kwake, na miwani siivui hadi nitoke mlangoni.