Njia ya mfongo, Old Moshi: wiki ya saba

Wiki hii nimeitembea mara nne njia nzima tunayoiandaa kwa wageni wa kutembea kwa miguu, na hatimaye nimeikubali. Inaanzia Tsudunyi, kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapa Moshi, tarehe 2 Machi 1900, kisha inaufuata mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia, katikati ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, hadi juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

Kwa nini mfongo? Wageni huletwa na gari kutoka mjini, wanaupiga picha mti, dakika ishirini hawapo. Hawanunui hata ndizi. Inaniuma, maana hapa ndipo ilipokuwa Moshi yenyewe kabla ya reli ya Tanga kufika na mji kuhamia tambarare. Anayefuata maji kwa miguu lazima apite kwa watu: nyumba hii wanakaanga kahawa, ile wanapika mbege, pombe ya ndizi. Tumekubaliana kila nyumba inalipwa siku hiyohiyo, mkononi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchora njia juu ya ukingo wa mfongo. Babu anayesimamia zamu za maji aliniita, akanionyesha udongo uliomeguka. "Mjukuu wangu, wageni kumi tu, na maji yote yataishia kwa jirani." Mifereji hii haina pampu, wazee waliipima kwa macho, ikashuka polepole ikizunguka mlima, na nduwa, bwawa dogo la kuhifadhi maji, hujaa usiku ili asubuhi watu wamwagilie. Jumamosi tulifanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukaihamishia njia chini ya mibuni. Kina mama walikuja wengi kuliko vijana.

Nilitaka pia mabenchi chini ya mti. Wazee walikataa kabisa: pale hapakaliwi kwa kupumzika. Walikuwa na haki. Tumepanda masale kuzunguka, mmea ambao Wachaga wanauheshimu.

Kijana wetu wa kuongoza wageni alifanya jaribio Jumapili. Alieleza kwamba kichwa cha Meli kinasadikiwa kupelekwa Ujerumani na bado kinatafutwa, na kwamba mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilioanisha fuvu la Akida, mshauri wake, lililokuwa Berlin, na mzao wake aliye hai. Hakuongeza chumvi. Bibi mmoja aliyekuwa anasikiliza alivua kilemba.

Jumatatu narudi kwa Babu na kamba ya kupimia. Karibu na nduwa kuna ngazi ya udongo ambayo mvua imeiporomosha, na anasema jiwe la kuishikilia analijua liliko.