Barua ya kuacha kazi ambayo sikuiandika mimi

Ijumaa moja ya mwezi Machi, saa kumi jioni, nilipokuwa nikifunga leja za stoo, niliitwa ofisi ya utumishi na kukabidhiwa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na hati ya mashtaka ya kinidhamu: nilituhumiwa kushirikiana na dereva kuiba mifuko 60 ya saruji kutoka katika mzigo wa mifuko 600 ulioingia godauni letu la Mwanza wiki mbili kabla, nami nilitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu saa tatu asubuhi. Ya pili ilikuwa na barua ya kuacha kazi, imekwisha kuchapwa kwa jina langu, imebakiza sahihi tu. "Dada, saini hii ukapumzike," ofisa aliniambia kwa upole. "Ukifika kwenye kikao utafukuzwa, na ukishafukuzwa nani atakuajiri tena?" Niliomba niende na bahasha zote mbili nyumbani, naye hakukataa.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa lipo. Mzigo ule ulifika jioni, mvua ikinyesha, na vibarua walikuwa wakipakua kwa haraka ili saruji isilowe. Nilihesabu mpaka karibu nusu, nikaitwa upande wa pili kupokea nondo, na niliporudi turubai lilikuwa limekwisha kufunikwa juu ya mifuko. Dereva alitaka kuondoka. Kwa miaka sita sikuwahi kupungukiwa na mzigo kutoka kwa msafirishaji yule, hivyo nikasaini hati ya kupokelea mzigo kwa idadi ya 600 bila kuifikia kwa hesabu yangu mwenyewe. Kwa mtunza stoo huo ni uzembe, na si uzembe mdogo. Lakini hati ya mashtaka haikutaja uzembe hata mara moja, ilitaja wizi. Uamuzi wangu wote wa siku mbili zilizofuata ulikuwa juu ya umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili.

Usiku ule mume wangu alitaka nisaini. Hakuwa na nia mbaya, na sitaki msomaji amwelewe hivyo. Alihofia kwamba neno "wizi" likishaandikwa katika uamuzi wa kamati litanifuata kila nitakapoomba kazi, na Mwanza si mji mkubwa kiasi hicho kwa watu wa biashara ya vifaa vya ujenzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, na ile barua ya pili ilikuwa na mvuto wa ajabu, kwa sababu ilinipa nafasi ya kutowakabili watu niliokula nao chakula cha mchana kwa miaka sita huku wakinisomea mashtaka ya wizi. Jumamosi asubuhi nilimpelekea mjomba wangu, mwalimu mstaafu ambaye aliwahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi shuleni kwao. Aliisoma barua polepole, akaweka kidole kwenye maneno "naacha kazi kwa hiari yangu bila kushurutishwa, kuanzia leo," kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiari hii ni ya nani?"

Tulikaa mezani kwake mpaka adhuhuri tukiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, na hapo ndipo niligundua kwamba hofu yangu haikuwa na hesabu ndani yake. Kiinua mgongo kwa sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ambayo kwangu ingekuwa siku 42. Lakini hulipwa pale mwajiri anapovunja mkataba, si mfanyakazi anapoacha mwenyewe, na pia hailipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo kusaini kusingeniokolea hata siku moja kati ya hizo. Mshahara wa siku nilizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo sikuichukua ni haki yangu kwa njia yoyote nitakayotokea. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Na yale maneno "kuanzia leo" yangenifanya mimi kuwa mtu aliyekatisha mkataba bila kutoa notisi ya siku 28, jambo ambalo mwajiri angeweza hata kulidai. Barua niliyopewa kama msaada ilikuwa inanigharimu kila mahali nilipoigusa.

Lililonizindua zaidi halikuwa fedha. Mfanyakazi anapoachishwa kazi, sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki, na mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro huo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anayeacha mwenyewe anaweza pia kufika huko na kudai kwamba alilazimishwa, kwa kuwa kanuni zinatambua kujiuzulu kunakotokana na mwajiri kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, lakini hapo ni yeye anayepaswa kwanza kuthibitisha hilo, na ataulizwa pia kama aliwahi kulalamika ndani ya ofisi kabla ya kuondoka. Sahihi yangu, basi, ingeuondoa mzigo wa kuthibitisha mabegani mwao na kuuweka juu yangu, siku moja tu ya kazi kabla hawajatakiwa kuubeba.

Sisemi kwamba kila anayeacha kazi kabla ya kikao anakosea. Nawajua watu ambao afya zao zilikuwa zimevunjika, na wengine waliojua vizuri walichokifanya. Hao wana hesabu zao. Mimi sikuwa nimeiba.

Kanuni zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi saa hizo zinatimia, ingawa ni saa za siku ambazo ofisi zimefungwa na hakuna karatasi unayoweza kuipata. Kwa hiyo Jumatatu sikuomba kuahirishiwa. Niliomba mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, nisindikizwe na mfanyakazi mwenzangu, kama kanuni zinavyoruhusu, na aliyekubali alikuwa karani wa mauzo ambaye sikutegemea angethubutu. La pili, kabla ya ushahidi kuanza, liletwe jalada zima la safari ya lori lile, si hati ya kupokelea mzigo peke yake.

Mwenyekiti alikuwa meneja kutoka tawi jingine, asiyehusika na tukio, na nashukuru kwamba alikuwa mtu wa kusoma. Nyuma ya hati niliyosaini zilikuwa zimebanwa risiti za mizani ya barabarani. Ya mwanzo wa safari na ya mwisho kabla ya kuingia Mwanza zilitofautiana kwa karibu tani tatu, na mifuko 60 ya kilo 50 ni tani tatu. Saruji ilikuwa imeshuka njiani kabla haijafika mikononi mwangu. Niliruhusiwa kumhoji mlinzi wa getini, naye akathibitisha kwa daftari lake kwamba hakuna gari lililotoka na saruji usiku ule. Risiti zile zilikuwa ndani ya jalada kwa wiki mbili, na hakuna aliyezifungua mpaka kikao kilipolazimisha zifunguliwe. Ningekuwa nimesaini ile barua ya pili, zingebaki zimebanwa pale pale, nami ningeishi nikiwa mtu aliyekimbia.

Nilipoulizwa kuhusu kuhesabu, nilikiri. Uamuzi ulikuja baada ya siku nne: tuhuma ya wizi haikuthibitika, ya uzembe imethibitika kwa kukiri kwangu, adhabu ni onyo la mwisho la maandishi. Nililipokea bila kukata rufaa kwa sababu lilikuwa linanistahili. Tangu hapo kila lori linahesabiwa mpaka mfuko wa mwisho, na dereva, mlinzi na mimi tunasaini pamoja hata kama mvua inanyesha.

Ofisa aliyenipa bahasha zile bado tunasalimiana. Sijui kama aliagizwa au alinihurumia kweli, na sijawahi kumwuliza.

Juzi kijana wa kitengo cha usafirishaji alinifuata stoo akiwa na bahasha ya aina ile ile, akaniomba, "Dada, naomba unisindikize kwenye kikao." Nilimwuliza kwanza kama kuna kitu chochote alichokwisha kusaini, akasema hapana. Kikao chake ni Alhamisi saa nne asubuhi, na leo jioni tunakaa kuandika orodha ya nyaraka atakazoziomba.