Nilivyotafuta Siku Tatu za Jua kwa Ajili ya Karafuu za Pemba

Karafuu iliyochumwa huhitaji siku kadhaa za jua juu ya majamvi kabla haijafaa kuuzwa, na mvua moja inayoshuka kabla watu hawajawahi kuyakunja majamvi hayo yatosha kuifanya ivunde na kupoteza rangi. Nimekulia Pemba, katika nyumba ambayo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alitimka mbio uani mawingu yalipojikusanya. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kufanya utafiti wa shahada ya uzamili katika sayansi ya hali ya hewa, sikuhangaika kutafuta swali: nilitaka kujua kama inawezekana, katika msimu wa vuli, kubashiri mapema kwamba siku tatu zinazokuja zitakuwa kavu.

Utabiri wa kawaida hufanywa kwa kutatua milinganyo ya fizikia katika kompyuta kuu, na kompyuta ya namna hiyo sikuwa nayo wala sikuwa na matumaini ya kuipata. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya mkononi na fedha kidogo za kukodi, kwa saa, mashine yenye kadi kubwa ya michoro kupitia intaneti. Hapo ndipo nilipoigeukia Aurora, modeli ya akili mnemba iliyoundwa na watafiti wa Microsoft, ambayo maelezo yake yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025 na ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Ni modeli msingi kwa maana kamili ya neno hilo: ina vigezo bilioni 1.3 (namba za ndani zinazorekebishwa wakati wa kuifunza), imefunzwa kwanza kwa zaidi ya saa milioni moja za data za angahewa kutoka vyanzo mbalimbali, kisha ndiyo huelekezwa kwenye kazi mahususi kama vile mawimbi ya bahari, uchafuzi wa hewa au njia za vimbunga. Unaipa hali ya dunia nzima katika nyakati mbili zinazopishana kwa saa sita, nayo inakupa hali ya saa sita zinazofuata. Matokeo hayo unairudishia tena, hatua kwa hatua, hadi siku tano au kumi mbele. Data za kuanzia nilizipata bila malipo kutoka ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia ambayo kituo cha utabiri cha Ulaya kimeijenga upya kuanzia mwaka 1940.

Kikwazo cha kwanza kilinikuta nikisoma orodha ya vitu ambavyo modeli hiyo hubashiri. Ilikuwamo halijoto, ulikuwamo upepo, mgandamizo wa hewa na unyevu katika tabaka 13 za angahewa, lakini mvua haikuwamo. Hata kama ingekuwamo, mraba mmoja wa ramani yake una ubavu wa takriban kilomita 28, nayo Pemba kwa upana haifiki kilomita hizo. Nilikaa na jambo hili kwa wiki nzima. Hatimaye niliona kwamba modeli inajua kilicho kikubwa, yaani kaskazi inavyovuma na unyevu unavyosafirishwa kutoka baharini, na kwamba kazi yangu ni kujenga daraja dogo la kutoka kwenye upepo na unyevu huo hadi kwenye kipimamvua kimoja kilichosimama nyuma ya shule. Daraja hilo ni modeli ndogo ya takwimu, ambayo hata kompyuta yangu ya mkononi iliweza kuifunza kwa dakika chache. Ila ilihitaji mvua halisi, iliyopimwa na mkono wa mtu, siku baada ya siku, kwa miaka mingi.

Mvua hiyo ilikuwa katika madaftari. Nilipewa ruhusa ya kupiga picha kurasa za vituo vinne vya kupimia mvua, na ili kuokoa muda nilizipitisha kwenye modeli kubwa ya lugha inayoweza kusoma picha, nikaiomba inipangie takwimu katika jedwali. Ilisoma mwandiko kwa ufasaha ulionishangaza. Hata hivyo, nilipolinganisha ukurasa mmoja na jedwali lake, niliona kwamba pale wino ulipokuwa umefutika kwa maji, au pale msomaji wa kipimamvua alipoandika tu kwamba hakuwapo, modeli ilikuwa imejaza tarakimu inayofanana na za jirani zake. Kwa mtafiti hili ni jambo zito kuliko kosa la kusoma 8 kuwa 3, kwa sababu tarakimu ya kubuni haina dalili yoyote ya kuitofautisha na ile ya kweli. Kuanzia siku hiyo niliiagiza iandike neno «haisomeki» kila ilipokuwa na shaka, na bado kila ukurasa tuliupitia watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole. Kazi ambayo nilidhani ingekwisha kwa siku mbili ilichukua mwezi mmoja na nusu, na sijutii hata saa moja.

Pamoja na uangalifu huo wote, matokeo ya kwanza yalikuwa mabaya. Modeli ilionyesha unyevu mwingi, daftari likaonyesha siku kavu. Kesho yake hali ikawa kinyume. Nilibadilisha vigezo, nikaongeza tabaka, nikapunguza, bila nafuu. Mwishowe nilipanda gari hadi Wete kumwona mzee aliyesoma kipimamvua cha hapo kwa muda mrefu, nikamsalimia, nikamwonyesha jedwali langu. Alilitazama kwa utulivu, akaniuliza: «Mwanangu, hii saa tatu uliyoandika hapa ni ya usiku wa manane?»

Nilielewa papo hapo. Daftari lilisema «saa 3», na jedwali lilikuwa limeandika 03:00, kwa hiyo programu ikaihesabu kuwa saa tisa ya usiku, ilhali mvua husomwa saa tatu asubuhi. Mzee akaniongezea jambo ambalo nisingeligundua kwenye kompyuta: yeye aliandika mvua kwenye tarehe ya kuisoma, lakini aliyempokea alikuwa akiiandika kwenye tarehe ya siku iliyotangulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya saa 24 hizo ilikuwa ya jana. Nusu ya data zangu ilikuwa imesogea saa sita, na sehemu nyingine siku nzima.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mepesi. Saa tatu asubuhi ya Afrika Mashariki ni saa 06 kwa saa za dunia (UTC), na modeli hupiga hatua zake saa 00, 06, 12 na 18. Hatua nne kamili huanzia usomaji mmoja wa kipimamvua na kuishia usomaji unaofuata. Baada ya kupanga hivyo, upepo na mvua vilianza kuzungumza lugha moja.

Kwa majaribio nililitenga vuli la mwaka 2023, lililokuwa na mvua nyingi wakati El Niño ilipokutana na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Nililiacha vuli la 2019, ingawa nalo lilikuwa na mvua za ajabu, kwa sababu mwaka huo umo miongoni mwa miaka ambayo Aurora ilifunzwa kwayo, na kumpima mwanafunzi kwa mtihani aliokwisha kuuona si kipimo. Njia yangu iliweza kutambua vipindi vya ukavu vya siku tatu vizuri kuliko kukisia kwa wastani wa msimu. Manyunyu ya ghafla ya alasiri, yale yanayozaliwa na joto la kisiwa chenyewe na kunyesha Konde huku Chake Chake kukiwa na jua, bado yananishinda, kwa sababu miraba ya ramani ya modeli ni mikubwa mno kuyaonyesha.

Sasa ninatafuta madaftari ya upande wa Micheweni, na safari hii swali langu la kwanza kwa kila msomaji ni anaandika mvua kwenye tarehe ipi.