Fomu kumi na moja za nyusi na midomo

Fomu kumi na moja za madai ya bima zilirudi siku moja bila kulipwa, zote za watu walioshonwa usoni. Ilikuwa Novemba, minada ya korosho imepamba moto, na hapa Mtwara mwenye malipo ya korosho mkononi anawaza pikipiki. Anayeijua na asiyeijua, wote barabarani. Chumba cha kushonea cha kituo chetu hakikupoa.

Kazi yangu ni kujaza madai ya bima. Kituoni naitwa "mtu wa kodi" kwa sababu ya misimbo ya majeraha na magonjwa, yaani "code", tunayoandika kwenye fomu, na jirani yangu alishawahi kuniuliza kwa upole kama naweza kumpunguzia makadirio ya duka lake.

Nikazitandaza mezani. Zote nilikuwa nimeandika S01.9, yaani jeraha la wazi la kichwa, sehemu haikutajwa. Ningeandika nini tena, na faili lenyewe lilisema "jeraha usoni, ameshonwa"? Mkaguzi wa bima hakuwepo chumbani. Anaona ganzi, anaona nyuzi, haoni jeraha lilikuwa wapi wala lilikuwa kubwa kiasi gani. Ningekuwa yeye nami ningekata.

Misimbo yenyewe haikuwa na shida. Kope na nyusi ni S01.1, shavu S01.4, mdomo S01.5, paji la uso linaingia S01.8. Kazi ilikuwa kuzipata hizo nyusi. Nilimpelekea dokta mafaili, akawakumbuka watatu. Wanane waliobaki nikaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Kijana mmoja wa Mikindani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, subiri nijitazame kwenye kioo." Kila aliyepatikana, dokta alimwita aje aone kovu, akaongeza maelezo kwenye faili na kusaini kwa tarehe ya siku hiyohiyo, si ya kurudisha nyuma. Hilo sikubali mzaha nalo.

Usiku nilikuwa nasoma kozi ya misimbo ya Marekani kwenye simu. Kule malipo ya kushona yanafuata sentimita. Jeraha la juujuu la usoni lisilozidi sentimita 2.5 ni msimbo 12011, la 2.6 hadi 5.0 ni 12013. Likishonwa kwa matabaka, la ndani kwanza halafu ngozi, na urefu hauzidi 2.5, ni 12051. Majeraha mawili ya aina moja usoni unajumlisha urefu, unaandika msimbo mmoja. Ukibana kwa plasta peke yake, huhesabiwi kuwa umeshona. Misimbo hiyo haina nafasi kwenye fomu zetu, lakini maswali yake niliyachukua yote.

Nikaenda kwa mama mkuu wa chumba cha kushonea.

"Shikamoo mama. Naomba mnipimie majeraha kwa sentimita."

"Marahaba. Mwanangu, mtu anavuja damu, mimi nishike rula?"

Nikamwambia apime akishamaliza kushona, kwa kuwa urefu unaotakiwa ni wa jeraha lililokwisha shonwa. Akacheka, ila siku ya pili alikuwa ameshakata vipande vya utepe wa karatasi wenye sentimita, anatumia kimoja na kukitupa. Mimi nikachongesha muhuri mjini wenye mistari minne: mahali, urefu, matabaka, nyuzi. Wino wake wa zambarau unachafua vidole hadi chakula cha mchana, lakini sasa hakuna anayeandika "ameshonwa" akaondoka. Dokta mgeni alijaribu wiki ya kwanza. Mama akamrudishia faili na muhuri juu yake.

Fomu kumi zililipwa. Ya kumi na moja ipo kwenye droo yangu, ya bwana mmoja ambaye simu yake haipatikani mpaka leo.